HESABU ZA KALKULASI ZISIWE CHEKECHE LA WATOTO WETU



Kila mwaka vyuo vyetu vikuu vinapofungua milango, vijana wetu huingia kwa maelfu, kila mmoja na sanduku lake na matumaini yake. Nyuma ya kila kijana yuko mzazi aliyeuza korosho, au kahawa, au ng'ombe, au aliyekwenda kukopa. Anayetaka uhandisi, anayetaka uchumi, anayetaka takwimu, anayetaka kuwa mwalimu wa hesabu, wote hao katika mwaka wa kwanza hupitishwa katika mlango mmoja mwembamba. Jina la mlango huo ni kalkulasi.

Na siku ya kwanza darasani, kabla mwalimu hajaandika herufi moja ubaoni, hutolewa masharti. Utahudhuria. Hutachelewa. Kazi ikichelewa haipokewi. Ukikosa jaribio, umepata sifuri. Alama 40 ni za kazi za muhula, alama 60 ni za mtihani wa mwisho. Ukianguka utafanya sapu. Ukianguka sapu utarudia. Ukizidi kuanguka utadisko, yaani utafunga sanduku lako urudi kwenu. Maneno hutofautiana chuo na chuo, lakini sauti ni ile ile.

Karatasi hiyo ya masharti ndiyo tunayotaka kuizungumza leo.

Wako watakaouliza: gazeti la siasa lina habari gani na hesabu za chuoni? Tunawajibu hivi. Nchi isiyoweza kupima maji ya mto wake, kuchora reli yake, kukadiria dawa za wagonjwa wake na kukokotoa madeni yake, itapimiwa, itachorewa, itakadiriwa na itakokotolewa na wengine. Tena itawalipa kwa kazi hiyo. Basi mlango anaopitia kila mhandisi wetu si jambo la walimu wa hesabu peke yao. Ni jambo la siasa. Ni jambo la Uhuru wenyewe.

KALKULASI NI KITU GANI?

Kwanza tuondoe hofu, maana hofu ndiyo silaha ya kwanza ya wanaotaka elimu ibaki ya wachache.

Basi linatoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, karibu kilomita 200, linatumia saa 4. Mtoto wa shule ya msingi atakuambia mwendo wake ni kilomita 50 kwa saa. Lakini askari wa barabarani mwenye tochi yake haulizi habari ya saa 4. Anauliza: wakati huu huu, hapa ulipopita, ulikuwa katika mwendo gani? Swali hilo la askari ni nusu ya kalkulasi. Wataalamu huliita derivativu.

Nusu ya pili iko ukutani mwa nyumba yako. Mita ya LUKU hupima umeme unavyotumika, mara mwingi ukipiga pasi, mara kidogo taa moja ikiwaka, na wakati wote hujumlisha vipande hivyo vidogo vidogo hata ikakuambia uniti zako zimekwisha. Kujumlisha huko ndiko huitwa integrali.

Hiyo ndiyo kalkulasi: kujua kitu kinabadilika kwa kasi gani sasa hivi, na kujua mabadiliko hayo yakijumlishwa yanafika wapi. Mwananchi huishi nayo kila siku. Hapana uchawi hapo, wala hapana damu ya kifalme inayotakiwa ili kuyaelewa.

WALA SI MALI YA ULAYA

Kasumba inatuambia kwamba elimu hii ilizaliwa Ulaya na kwamba sisi tunaazimwa tu. Ni kweli Newton wa Uingereza aliivumbua katika miaka ya 1665 na 1666, chuo chake kilipofungwa kwa sababu ya tauni, na Leibniz wa Ujerumani alichapisha njia yake mwaka 1684. Hatuwanyimi sifa yao. Lakini karibu miaka 600 kabla yao, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri, alikwisha jumlisha vipande vyembamba ili kupata ujazo wa umbo lenye kupinda. Na zaidi ya miaka 200 kabla ya Newton, huko Kerala katika pwani ya Malabar, Madhava na wanafunzi wake walikwisha kuyakokotoa mambo ya duara kwa mfuatano wa hesabu usiokoma. Kerala iko katika Bahari hii hii ya Hindi, iliyosafiriwa na majahazi kwa pepo za kaskazi na kusi.

Basi anayemwambia kijana wa Nachingwea au wa Kasulu kwamba kalkulasi si ya watu kama yeye, huyo hajui historia.

CHEKECHE LA MKOLONI

Sasa tuulize: fikira hii kwamba somo la chuo kazi yake ni kuwapunguza watu, imetoka wapi?

Wazee wetu wanaijua. Wakati wa mkoloni mtoto wa Mwafrika alichekechwa darasa la 4, akachekechwa tena darasa la 8, akachekechwa tena darasa la 10. Wachache waliobaki hata darasa la 12 walifanya mtihani wa Cambridge uliosimamiwa kutoka Uingereza. Na hata Makerere ilipopandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 1949, shahada zake zilikuwa za Chuo Kikuu cha London.

Mkoloni hakuwa mjinga katika jambo hilo. Alihitaji makarani, wakalimani na wauguzi kidogo. Viti vilikuwa vichache kwa makusudi, na mtihani ulikuwa ukuta wa kuwazuia wengine. Haukuuliza, "Je, mtoto huyu amejua?" Uliuliza, "Nani tumtoe?" Hayo ni maswali mawili mbalimbali kabisa. Matokeo yake yanajulikana. Mwalimu Nyerere aliwahi kukumbusha kwamba Waingereza walitutawala miaka 43, na walipoondoka waliacha wahandisi 2 na madaktari 12. Na jirani zetu wa Kongo, walipopata Uhuru mwaka 1960, waliokuwa na shahada ya chuo kikuu katika nchi nzima ile hawakufika 30.

Tumekwisha kuyavunja mengi ya mkoloni. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 tukaunda Baraza letu la Taifa. Machi 1967 ilitoka Elimu ya Kujitegemea, ikasema wazi kwamba elimu ya kuwabagua wachache na kuwatenga na wenzao haifai katika nchi ya watu huru. Lakini chekeche halikufa. Lilihama. Leo limejificha katika madarasa ya mwaka wa kwanza, na kalkulasi ndiyo tundu lake dogo kuliko yote.

Fikirini, ndugu. Kijana huyu amefaulu kidato cha 4. Amefaulu kidato cha 6. Amechaguliwa na chuo chenyewe, kwa vigezo vya chuo chenyewe. Ya nini basi kumchekecha tena kama kwamba ameingia kwa kuruka ukuta? Chuo kikimpokea kimekwisha kusema, "Huyu anaweza." Baada ya hapo, wakianguka nusu ya darasa, aulizwe mwanafunzi, lakini aulizwe na chuo.

Wala tusisahau mkopo. Kijana akidisko mwaka wa kwanza hupoteza chuo, hupoteza miaka, hupoteza heshima mbele ya wadogo zake. Lakini deni la Bodi ya Mikopo linabaki pale pale. Kijana hudisko, deni halidisko. Fedha za wananchi zimetumika, mhandisi hakupatikana, na kijana ana mzigo begani kabla hajapata mshahara wa kwanza. Faida hapo ni ya nani?

MASHARTI YA UPANDE MMOJA

Hebu turudi kwenye ile karatasi. Isome tena, ndugu msomaji, ukihesabu ni mara ngapi inasema "mwanafunzi atafanya" na ni mara ngapi inasema "mwalimu atafanya."

Mwanafunzi akichelewesha kazi kwa siku moja anapata sifuri. Mwalimu akichelewesha kurudisha majaribio kwa wiki 6, anapata nini? Hapati kitu. Mwanafunzi akikosa kipindi jina lake linaandikwa. Mwalimu akikosa kipindi, kwa kuwa ana mkutano au ana darasa katika chuo kingine, nani anaandika jina lake? Mwanafunzi anatakiwa kujua somo lote. Je, anaambiwa mapema ni yapi hasa atakayopimwa, na jibu zuri linafanana na nini?

Jaribio lililosahihishwa na kurudishwa upesi ni dawa, maana mwanafunzi anaona mahali alipokosea na kujirekebisha. Jaribio linalorudishwa siku mbili kabla ya mtihani wa mwisho ni hati ya kifo tu. Halimfundishi mtu kitu.

Hata katika kibarua, mwenye kazi na mfanyakazi wana mkataba, na mkataba una pande mbili. Masharti yanayomfunga mmoja tu si mkataba. Ni amri. Sisi tulikwisha zikataa amri za namna hiyo zamani.

Hatuwatukani walimu wa vyuo. Wengi wao ni wazalendo wanaobeba mzigo usiobebeka. Mtu mmoja husimama mbele ya mamia ya wanafunzi, nyuma hawasikii, ubao hauonekani, kisha akabebe karatasi mamia kwenda kusahihisha nyumbani usiku. Malaika pia angechelewa. Lakini kama mzigo ni mkubwa, ubaya wake usimwangukie mwanafunzi peke yake. Chuo kiajiri wasaidizi, na Serikali itoe fedha. Kumwacha kijana aanguke ili kuokoa mshahara wa msaidizi mmoja si uangalifu wa fedha. Ni hasara.

"MNATAKA KUSHUSHA KIWANGO!"

Tunazisikia kelele. "Gazeti hili linataka vijana wapite bure! Daraja la mhandisi asiyejua kalkulasi litaanguka!"

La, mabwana. Hatutaki kiwango kishushwe hata inchi moja. Daraja likianguka litatuangukia sisi wananchi, si ninyi mnaopanda ndege. Tunachosema ni kwamba kiwango kikubwa na kuwaangusha watu wengi ni vitu viwili. Na ushahidi upo.

Katika miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, Marekani, mtu mmoja jina lake Uri Treisman aliona jambo lililomsumbua. Wanafunzi Weusi walikuwa wakianguka vibaya sana katika kalkulasi ya mwaka wa kwanza, hata wale waliotoka shule za sekondari na sifa nzuri. Akawauliza walimu sababu. Majibu yalikuwa yale yale tunayoyasikia hapa kwetu kila siku: hawana bidii, hawakuandaliwa vizuri, wazazi wao hawajali, ni maskini.

Treisman hakuridhika na majibu ya ofisini. Akawachukua wanafunzi 20 Weusi na 20 wenye asili ya Kichina, akafuatana nao hata mahali walipokaa na walipojisomea, aone kwa macho yake. Akakuta kwamba majibu yote manne ni ya uongo. Weusi walikuwa na bidii. Wazazi wao walijali sana. Tofauti ilikuwa moja: wanafunzi Weusi walisoma peke yao. Walitii karatasi ya masharti, wakafanya saa walizoambiwa, kila mtu chumbani mwake, na mtu alipokwama alikwama peke yake, akadhani ni yeye tu asiyejua. Wale wenzao wa Kichina walifanya kazi zao, kisha jioni wakakutana, wakala pamoja, wakalinganisha majibu, wakasahihishana, wakaulizana maswali. Kila mmoja alijua amesimama wapi.

Akafanya nini? Hakuanzisha darasa la wanyonge. Hakuwapa hesabu nyepesi. Alianzisha makundi ya mazoezi, akawaita vijana kama watu hodari, akawapa maswali magumu kupita ya darasani, na msimamizi ambaye hakuwapa jibu bali aliwauliza mpaka walipate wenyewe. Waliojiunga na makundi hayo waliwapita wenzao Weusi waliobaki nje, na wakawapita hata Wazungu na Waasia wa darasa lile ambao hawakuwamo. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1992, na vyuo vingi vya Marekani vimeifuata njia hiyo.

Mwaka 1987 Wamarekani wenyewe walikutana Washington juu ya somo hili, na neno lililobaki vinywani mwa watu lilikuwa kwamba kalkulasi iwe pampu, isiwe chujio. Wao waliogopa kwamba taifa lao litakosa wahandisi. Ikiwa Marekani yenye mali yote ile iliogopa, sisi tuna jeuri gani ya kuwatupa wetu?

Na hapo ndipo aibu yetu ilipo. Dawa iliyopatikana Berkeley ni ujima! Ni kile wazee wetu walichofanya katika kulima na kujenga, kwa kuwa walijua kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini tazama masharti yetu: mara nyingi humwambia kijana kwamba kazi ni ya mtu peke yake, na kushirikiana ni udanganyifu. Kuiba majibu katika mtihani ni wizi, na mwizi aadhibiwe. Lakini kufundishana jioni chini ya taa si wizi. Masharti yasiyoweza kutofautisha mambo hayo mawili yameandikwa na mtu aliyesahau kwao.

LUGHA NA VITABU

Tuseme na hili, maana wengi hulikwepa. Mtoto wetu wa shule ya msingi ya Serikali husoma hesabu kwa Kiswahili, kisha sekondari anaanza upya kwa Kiingereza. Afikapo chuoni anapimwa vitu viwili kwa karatasi moja: kalkulasi na Kiingereza. Akianguka, hapana ajuaye ameanguka kipi.

Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, kisha kipande hata vyuo vikuu. Pendekezo likawekwa kabatini. Wakasema Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Mwaka 1990 wataalamu wetu wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili walitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno yapo, na yasiyopo yatapatikana, kwa maana hata Kiingereza kiliyaokota maneno yake ya hesabu kwa Walatini, Wagiriki na Waarabu. Neno aljebra si la Mwingereza.

Hatusemi Kiingereza kitupwe. Kijana wetu atakihitaji kusoma vitabu vya dunia. Tunasema: katika makundi ya mazoezi kijana aulize na ajibiwe kwa lugha anayofikiria, na swali la mtihani lisimtege kwa maneno. Limiti ni limiti kwa lugha yoyote.

Na vitabu je? Kuna kitabu cha kalkulasi kinachojulikana dunia nzima, kurasa zaidi ya 1,000, cha Bwana James Stewart wa Kanada, aliyefariki mwaka 2014. Kwa mapato ya vitabu vyake alijijengea Toronto jumba la fahari lenye ukumbi wa muziki, akaliita Integral House. Hatumwonei kijicho marehemu. Aliandika vizuri, akavuna jasho lake. Lakini kwa nini masharti ya chuo yamdai mtoto wa mkulima kitabu cha bei ya namna hiyo, huku tangu mwaka 2016 vitabu vitatu vya kalkulasi vya OpenStax, kutoka Chuo Kikuu cha Rice huko Texas, vinatolewa bure kwa kila mwenye simu? Na kwa nini sisi wenyewe, tangu Uhuru hata leo, tunasita kuandika chetu na kukieneza katika kila chuo?

Mwanafunzi wetu bado anapewa swali la ngazi inayoteleza ukutani, ngazi ile ile iliyoteleza katika vitabu vya Uingereza tangu zama za babu zake. Nchi hii ina bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Maji yanaingia kwa kasi inayobadilika na mvua. Yanatoka kwa kasi inayobadilika na mitambo. Kina kinapanda kwa mwendo gani? Swali hilo ni kalkulasi tupu, na jibu lake ni umeme wa nyumba zetu. Kwa nini tuendelee na ngazi ya Mwingereza?

Tena wakati umebadilika. Programu za simu leo hukokotoa integrali kwa kufumba na kufumbua. Mtihani unaopima kukariri hatua tu unapima kazi ya simu. Mwulize kijana aeleze, akadirie, ageuze maneno ya mkulima au ya daktari kuwa hesabu, kisha aseme jibu lina maana gani. Hapo utajua kama anajua.

NENO KWA WANAFUNZI

Ninyi nanyi, vijana, msicheke. Gazeti hili haliwateteeni ili mlale.

Wako wanaokuja chuoni mwezi mzima bila kufungua daftari, wakingoja mitihani ya miaka iliyopita waikariri kama kasuku. Wako wanaotuma simu iwafanyie kazi, kisha wanalia siku ya mtihani simu ikikatazwa. Wako wanaokaa nyuma darasani kwa makusudi, wakiona haya kuuliza. Haya ya nini? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kalkulasi hailiwi kwa siku moja. Ni kama kupanda mlima, ukiruka hatua ya jana, ya leo itakuangusha. Asiyejua sehemu na aljebra ya sekondari arudi akazisome usiku na mchana, wala asione aibu.

Mwananchi aliyelipa kodi ili wewe ukae pale hakulipia usingizi wako. Haki na wajibu ni ndugu pacha. Mkidai chuo kiwe na masharti, timizeni yenu kwanza, tena muyatimize pamoja, kwa makundi, aliye mbele akimvuta aliye nyuma.

TUNAYOYADAI

Tunadai mambo haya, na tutayarudia mpaka yasikilizwe:

1. Karatasi ya masharti ifunge pande mbili. Majaribio yarudishwe katika muda wa siku 10, yakiwa yamesahihishwa na kuelezwa. Kipindi alichokosa mwalimu kifidiwe.

2. Pasiwe na hesabu ya kuanguka iliyopangwa kichwani mwa mtu. Kiwango kitangazwe siku ya kwanza. Atakayekifikia apite, hata kama ni darasa zima. Asiyekifikia asipite, hata kama ni mtoto wa Waziri.

3. Jaribio la kwanza lifanywe katika wiki ya 3, ili wanaoyumba wajulikane na kusaidiwa mapema. Kumgundua mgonjwa siku ya maziko hakumsaidii.

4. Makundi ya mazoezi yawekwe katika ratiba ya chuo, watu wachache kila kundi, na maswali magumu. Wanafunzi hodari wa mwaka wa 3 na wa 4 wayasimamie kwa ujira.

5. Kiswahili kiruhusiwe waziwazi katika makundi hayo, na kamusi ya maneno ya kalkulasi itungwe na kuchapishwa.

6. Kitabu cha lazima kiwe cha bure au cha bei ya mwananchi, na maswali yatoke katika mito, reli, mashamba na hospitali zetu.

7. Kila mwaka kila chuo cha umma kitangaze hadharani: wangapi waliingia somo la kalkulasi, wangapi walifaulu, wangapi walifanya sapu, wangapi walidisko. Fedha ni za wananchi, hesabu zake zisifichwe kwa wananchi.

Hapana hata moja katika hayo linaloshusha kiwango. Hapana hata moja linalohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Mengi hayahitaji hata senti moja, yanahitaji kuandika upya ukurasa mmoja wa karatasi kwa moyo wa mtu huru.

Mkoloni alikuwa na sababu ya kututengenezea chekeche, kwa kuwa hakututaka tuwe wengi. Sisi tuna sababu gani? Vijana wakiingia darasani 300, kazi ya mwalimu, ya chuo na ya Serikali ni kuhakikisha wote 300 wamepewa kila nafasi ya kulijua somo, na atakayeshindwa baada ya hapo ameshindwa kwa haki. Hilo ndilo tunalolidai, na siku vyuo vitakapolitimiza tutakuwa wa kwanza kuvipigia makofi.

Uhuru na Kazi!